Anayesimama Kando ya Uwanja

Kijana wa Marekani aliyechezea chuo chake mpira wa vikapu, akitaka ukocha, ana njia ya kufuata: huanza akiwa msaidizi, akawa kocha mkuu, kisha akahamia chuo kikubwa chenye mkataba mnono. Eldoret, Kenya, haina njia hiyo. Makocha wetu wa riadha wameingia kazini kila mmoja kwa mlango wake, na ndiyo maana naistahi kazi hii. Cheti hakitoshi, mtu hupimwa kwa jinsi anavyomtazama mwenzake, na kwa muda anaoweza kumsubiri.

Patrick Sang alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, akatwaa nishani ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona, 1992. Jina hilo pekee lingemtosha hadi uzeeni. Lakini huko kwao Nandi kijana jirani, Eliud Kipchoge, alimwendea kuomba mpango wa mazoezi. Sang akampa wa siku chache. Kijana akaumaliza, akarudi kuomba mwingine, na mwingine tena. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, Kipchoge aliwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5000 jijini Paris.

Kisha mambo yakawa magumu. Mwaka 2012 Kipchoge alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya London. Hapo ndipo ukocha hujulikana. Kilichobadilishwa ni mbio, si mwanafunzi wala mwalimu: wakahamia marathoni pamoja. Zikafuata dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka 2019 kule Vienna, umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Kutoka Paris hadi Vienna ni miaka 16, na kocha ni yule yule.

Kambi yao ya Kaptagat, nje ya Eldoret, haina anasa. Bingwa wa Olimpiki hufua nguo zake na kusafisha choo zamu yake ikifika. Kwangu hayo ni mazoezi sawa na zile kilomita 30 au 40 za Alhamisi. Anayeikwepa zamu ya choo, sioni atakavyoivumilia kilomita ya 35.

Colm O'Connell naye aliingia kwa mlango wa ajabu zaidi. Mtawa huyu wa Ireland alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa amesomea ukocha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake: mguu unavyotua, bega linavyokakamaa uchovu ukiingia. Peter Rono wa shule hiyo akashinda mita 1500 Seoul, 1988. David Rudisha, aliyenolewa na mtawa huyo, akaweka rekodi ya dunia ya mita 800 London, 2012: dakika 1:40.91.

Mkimbiaji akirudi na dhahabu hupokewa kwa mursik, maziwa yaliyochachushwa, kwenye uwanja wa ndege. Mwalimu aliyembakiza uwanjani jioni, bila nyongeza ya mshahara, mara nyingi hayumo pichani. Hiyo si haki. Kama mtoto wako ana mwalimu wa namna hiyo, awe wa riadha, voliboli au mpira wa vikapu, nenda shuleni wiki hii umshukuru, na umwulize anahitaji mipira mingapi.