Blonde Ale ya Sufuria Moja: Mwonjo wa Kwanza

Jamani, hiki kitu kilikuwa wapi siku zote? Rangi ni dhahabu iliyopauka, angavu hadi unasoma gazeti kupitia glasi. Povu jeupe limesimama vidole viwili na halina haraka ya kushuka. Pua inapokea mkate uliotoka tanurini, kisha ganda la chungwa kwa mbali. Unameza: utamu wa kimea unapita, uchungu mdogo unafuata kusafisha ulimi, na mkono unairudia glasi wenyewe. Na kiwanda chake ni sufuria moja na mfuko wa kitambaa!

Hii ndiyo blonde ale, iliyopikwa nyumbani kuanzia punje za shayiri. Nasisitiza punje, maana njia ya mkato ipo: unanunua kopo la maji ya kimea yaliyopunguzwa yakawa mazito kama asali, unakoroga na maji ya moto, umemaliza. Inanyweka, sikatai. Ila ya kopo mara nyingi hutoka na rangi iliyokolea na ladha ya kuchoka, wakati hii ya nafaka ni kavu, nyepesi, safi. Mimi kopo silirudii.

Aina yenyewe ni mtoto wa viwanda vidogo vya Marekani, vilivyotafuta bia ya kumpokea mnywaji wa laga asiyependa kushtuliwa. Kiwanda cha Firestone Walker cha California kinaiuza ya kwao kwa jina 805. Kupika nyumbani nako kulichelewa kuhalalishwa huko: marufuku ya pombe ilifutwa mwaka 1933, lakini bia ya nyumbani ikasahauliwa nje ya sheria mpaka Rais Jimmy Carter aliposaini mswada Oktoba 1978. Leo sheria ya shirikisho inamruhusu mtu mzima galoni 100 kwa mwaka, karibu lita 380, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Ya kunywa, si ya kuuza.

Sasa tuingie jikoni, ndiko kwenye raha.

Kwa lita 20 unahitaji kilo 4 za kimea cheupe cha shayiri na gramu 200 hivi za kimea cha karameli kisichokolea, vyote vimeparazwa, visisagwe unga. Pasha maji lita 28 katika sufuria ya lita 40, tandaza mfuko ndani, mimina nafaka, koroga mabonge yaishe. Wapishi wa Australia ndio walioipa njia hii ya mfuko umaarufu, na Mungu awabariki, maana imetuondolea mapipa mawili na mabomba yake. Joto litulie kwenye nyuzi 66, funika, ngoja saa nzima.

Hapo ndipo muujiza ulipo. Vimeng'enya vya kimea vinakata wanga kuwa sukari, nawe unasikia kwa ulimi! Onja kijiko mwanzoni: uji mchapwa. Onja baada ya saa moja: togwa! Aliyelelewa na togwa ya kimea cha ulezi ataitambua papo hapo, kwani kazi ni ile ile. Joto likishuka kuelekea 63 bia itakuwa kavu zaidi. Likipanda kuelekea 70 itabaki nzito mdomoni. Nyuzi chache tu, bia nyingine kabisa. Kwa hiyo usinunue sufuria ya kifahari kabla ya kuwa na kipimajoto cha kuaminika.

Inua mfuko, uache uchuruzike, ukamue. Machicha wape kuku.

Chemsha saa moja, sufuria wazi, ili mvuke uondoke na ile harufu ya mahindi ya kuchemsha ambayo kimea cheupe hupenda kuiacha. Mwanzoni tia gramu 20 za hopsi, yale maua ya kukolezea bia, za aina ya Cascade kwa ajili ya uchungu, na dakika 10 kabla ya kuzima tia 20 nyingine kwa ajili ya harufu. Cascade ilitoka katika utafiti wa kilimo huko Oregon na ikatolewa kwa wakulima mwaka 1972. Lile ganda la chungwa ni lake. Mkono usiteleze. Ukiongeza hopsi kwa tamaa umepika bia nyingine, huenda nzuri, lakini si hii.

Kupoza ndiko kunakochosha, nisifiche. Lita 20 zinazotokota lazima zishuke hadi nyuzi 18 haraka, kwa koili ya shaba inayopitisha maji baridi au kwa beseni la barafu, na kuanzia hapo kila kinachogusa bia kiwe kimetakaswa kwa dawa. Blonde ale haina mahali pa kuficha uchafu. Bia nyeusi itakusitiri; hii itakuumbua.

Pakiti moja ya hamira kavu ya US-05, chombo kimefungwa, kipumulio juu. Kesho yake kipumulio kinabubujika mfululizo, na mtu mzima mwenye akili zake anakivutia kiti akitazame! Shikilia nyuzi 18 hadi 20 kwa wiki mbili. Haidromita, kipimo cha uzito wa bia, iliyosoma 1.044 mwanzoni itatulia karibu na 1.010, yaani kilevi cha asilimia 4.5 hivi. Kisha chupa, na gramu 110 hivi za sukari iliyoyeyushwa kwa ujazo wote ili gesi ijitengeneze humo humo, na wiki mbili nyingine za subira. Chupa ziwe za kahawia: mwanga ukigonga hopsi, bia inanuka kicheche.

Kasoro? Siku ya kupika inakula nusu siku, mgongo utalalamika ukiinua mfuko, na chupa za mwanzo zikitoka kwenye friji huwa na ukungu kidogo. Ukungu huo hauna ladha. Subiri wiki moja zaidi kwenye baridi, utatulia chini.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, shayiri inalimwa Narok na Kilimanjaro Magharibi, lakini hopsi na hamira ya bia vitakubidi kuagiza, na ulizia kwanza sheria ya pombe ya mahali ulipo. Hukumu yangu ya mwonjo wa kwanza: kama utapika bia moja tu kutoka nafaka maishani mwako, ipike hii, na usiiongezee chochote.