Sifa ya Mwalimu Anayejua Kuzima

Mwishoni mwa mwaka 2017, vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga viliingizwa katika jaribio lililofuatiliwa na watu wa elimu duniani kote. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, ambayo Elon Musk aliyafadhili na zawadi yake kuu ilikuwa dola milioni 10, yaligawa vishikwambi kwa watoto karibu 2,700 na kuwajengea vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Programu zilizowekwa humo zilikuwa za Kiswahili. Lililotafutwa lilikuwa moja: je, mtoto anaweza kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu pasipo mwalimu?

Jibu lilitangazwa Mei 2019. Asilimia 74 ya watoto wale walikuwa wameeleza kwamba hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 ya kutumia vishikwambi, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Zawadi wakagawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Nayapokea matokeo hayo kwa heshima. Mtoto aliyekuwa nje ya shule akaweza kusoma jina lake na la mama yake amepata kitu kikubwa, wala haidhuru kakipata kwa nani. Lakini nusu ya pili bado ipo. Ni wale walioshika kifaa kilekile, kwa miezi ileile, na mlango haukufunguka. Wa kuwafikia hao ni mtu anayeweza kumtazama mtoto usoni akajua amekwama wapi. Ndiyo maana mkoa uleule uliojaribu elimu bila mwalimu unanifanya niandike kumsifu mwalimu, hasa huyu kijana ambaye bado yuko chuoni na anajifunza kuingia darasani na kishikwambi mkononi.

Tumchukue mwalimu tarajali aliyepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya pwani ya Mkinga, kama vile Moa, kaskazini mwa jiji la Tanga, si mbali na mpaka wa Kenya. Mada yake ni mfumo wa jua. Usiku ameandika andalio la somo, na video fupi ya jua, dunia na mwezi ameipakua mapema mjini, kwa sababu hataki kuliweka somo lake rehani kwa bando na mtandao. Kishikwambi amekichaji. Asubuhi anafika kabla ya wanafunzi, anakiweka juu ya dawati, kisha anakwenda kukaa nyuma kabisa kuona kama kinaonekana. Hakionekani. Mwanga wa pwani unaingia kwa madirisha yote na kioo kimekuwa cheupe. Anaomba khanga kwa mwalimu mwenzake, anaifunga dirishani upande wa jua, anarudi kukaa nyuma tena. Sasa kinaonekana. Anapanga watoto watakaa makundi gani na nani atashika kifaa kwanza, ili wale wapole wasiishie kuchungulia mabegani mwa wenzao.

Kengele inalia. Anaingia, lakini hakiwashi kifaa bado. Anauliza: “Nyie ni watoto wa wavuvi. Nani ataniambia, maji hupwa sana siku zipi?”

Darasa linaamka. Mmoja anasema mwezi ukiandama. Mwingine anasema la, ni mwezi mpevu, ndipo mama yake huenda mbali kwenye shamba la mwani. Wa tatu anasema wote wamesema kweli, hayo ni maji ya bamvua, na katikati yake kuna maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Mwalimu anaandika yote ubaoni kwa chaki, maneno yao wenyewe, na chini yake anaandika swali: kwa nini?

Sasa ndipo anawasha. Watoto wanaona mwezi ukiizunguka dunia, na maji yakivutwa. Wanaona kwamba mwezi ukiandama, jua na mwezi viko upande mmoja wa dunia, na ukiwa mpevu viko pande mbili, lakini mara zote mbili vitatu hivyo vimejipanga mstari mmoja, na mivuto yao inasaidiana. Mwezi ukiwa nusu, mstari unavunjika, mivuto inapunguzana, maji yanakuwa mafu. Binti mmoja hajaridhika. Anauliza mwezi mwandamo unavutaje maji na hata hauonekani vizuri angani. Mwalimu anairudisha video nyuma, anaondoa sauti, na anaieleza upya yeye mwenyewe, taratibu, kidole kikifuata upande wa mwezi usioangazwa. Kisha anazima. Anawaambia wachore daftarini, kila mmoja amweleze jirani yake, naye anapita kati ya madawati akisikiliza.

Ufundi ninaousifu uko hapo. Kuiwasha video ni kazi ya kidole kimoja. Kujua kwamba swali litangulie, kwamba sauti ya mtambo iondolewe pale mtoto alipochanganyikiwa, na kwamba kifaa kizimwe kabla hakijageuka sinema, hiyo ni kazi ya akili iliyofunzwa na jicho lililozoea watoto. Fundi wa ngalawa huujua mti kwanza ndipo ashike tezo. Mwalimu naye humjua mtoto, huijua mada, ndipo ashike kifaa.

Wala si ufundi wa jana. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa redio. Wengine hukumbuka redio tu na kuusahau mpango wenyewe. Watu walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kitabu. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa na mazungumzo yakaanza, na baada ya mazungumzo watu walitoka wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Redio ilileta habari, na kiongozi wa kikundi akaifanya habari iwe kazi ya kijiji.

Tangu hapo vifaa vimebadilika. Katikati ya miaka ya 2000, serikali kwa msaada wa Sweden ilianza kupeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu. Mwaka 2007 ikatoka sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu, na vitabu vya kiada sasa vinapatikana katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu anayeanza kazi leo anaweza kubeba kwa mkono mmoja rafu nzima ya vitabu ambayo mwalimu wa miaka ya 1970 hakuwahi kuiona hata katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Wingi huo ndio unaodai ufundi zaidi. Palipo na kitabu kimoja, mwalimu hufundisha kilichomo. Palipo na elfu moja, lazima achague, na kuchagua kunataka ujuzi wa somo na wa watoto walio mbele yake. Video ya mwezi iliyotengenezwa nchi nyingine haijui kwamba yupo mtoto wa Moa ambaye mama yake hupanga wiki yake kwa kufuata bamvua. Mwalimu anajua, au anaweza kuuliza. Akiuliza, mtoto anatambua kwamba yale ya nyumbani kwao ni elimu, na kwamba sayansi ya kitabuni inazungumzia bahari yake mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wakufunzi wetu, wa Chuo cha Ualimu Korogwe na wa vyuo vingine vyote: mnapokwenda kumkagua mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, msiishie kuandika kwamba ametumia TEHAMA. Tazameni aliuliza nini kabla ya kuwasha, na watoto walifanya nini baada ya kuzima. Mpeni alama kwa hayo. Na wewe unayesomea ualimu, jifunze kifaa chako mpaka vidole visikusumbue, upakue, urekodi, utengeneze zana zako mwenyewe, ili ukiwa mbele ya darasa macho yako yabaki kwa watoto. Wale wa nusu ya pili wanakusubiri wewe.