Joe Leahy: mgeni aliyezaliwa hapo hapo

Filamu nyingi kuhusu mgeni ugenini hutupa milima, soko, kisha machozi ya kuagana. Joe Leahy's Neighbours (1989) haina mambo hayo. Bob Connolly na Robin Anderson walijenga nyumba ya nyasi karibu na Mount Hagen, Papua Guinea Mpya, wakakaa miezi 18 kati ya shamba la kahawa la Joe Leahy na majirani zake, Waganiga. Joe si wa kuja: mama yake ni wa nyanda hizo za juu, baba alikuwa Mwaustralia mtafuta dhahabu. Lakini Waganiga waliomuuzia ardhi wanauliza, mbona utajiri unaishia kwake? Hapo ndipo filamu ilinishika. Unaweza kuzaliwa mahali na bado ukaitwa mgeni, kwa sababu tu hugawi. Mtu wa Kiambu anayeijua kahawa ataelewa haraka.

Nina swali moja tu. Waongozaji nao walikuwa wageni pale. Walichuma hadithi, majirani walibaki na nini? Kamera inamkagua Joe hadi mfukoni, wao inawaruka. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lao sikuliona.