Jenerali na Watu Wasio na Majina: Kuzisoma Upya Kumbukumbu za Lettow-Vorbeck

Mwaka 1920 Paul von Lettow-Vorbeck alichapisha vitabu viwili kuhusu vita vilevile. Kimoja, Meine Erinnerungen aus Ostafrika, ni kumbukumbu za kamanda, na mwaka huohuo kilitoka pia kwa Kiingereza. Cha pili kiliandikwa kwa ajili ya vijana wa Kijerumani, nacho kikapewa jina lenye neno letu: Heia Safari! Msomaji wa Kiswahili akikutana na jina hilo katika maktaba ya Berlin au London, huhisi kana kwamba ameitwa. Akifungua kurasa anagundua kwamba lugha ndiyo iliyoalikwa. Wenye lugha hawakualikwa.

Makala haya yanauliza swali dogo la kihakiki. Katika tawasifu ya jenerali, nani hupewa jina, na nani huhesabiwa tu?

Kwanza, mtu mwenyewe. Alizaliwa Saarlouis mwaka 1870, akapelekwa China wakati wa kuzimwa kwa uasi wa Boxer. Mwaka 1904 alikwenda Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, akahudumu chini ya Lothar von Trotha, aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali. Novemba mwaka huo aliyashinda majeshi ya Uingereza na India yaliyotua Tanga, kisha akapigana kwa kurudi nyuma hadi akavuka mto Ruvuma Novemba 1917 na kuingia Msumbiji. Aliweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Machi 1919 alipita katika Lango la Brandenburg akishangiliwa na umati. Mwaka uliofuata alishiriki katika jaribio la Kapp la kuipindua jamhuri, na hapo utumishi wake jeshini ukakoma.

Tarehe za vitabu vyake hazikutokea kwa bahati. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umeinyang'anya Ujerumani makoloni yake, na hoja mojawapo iliyotolewa ni kwamba Wajerumani hawakufaa kuwatawala Waafrika. Jibu la wapenda ukoloni lilikuwa tayari: kama tulikuwa wabaya, mbona askari wetu walitufuata mpaka mwisho? Gavana Heinrich Schnee, aliyegombana na Lettow-Vorbeck tangu mwanzo kwa sababu alitaka koloni liepushwe na vita, aliandika kitabu chake mwaka 1919. Watu hao wawili hawakupatana kuhusu mengi, lakini juu ya askari mwaminifu walikuwa na kauli moja. Uaminifu huo ulikuwa hoja ya kisiasa kabla haujawa sifa ya mtu yeyote.

Haki ya kitabu tuitoe. Nathari yake ni kavu, yenye mpangilio, na msimulizi anaijua ardhi. Anaeleza vizuri jinsi jeshi lililozingirwa lilivyojitengenezea mahitaji yake, ikiwemo dawa ya malaria iliyochemshwa kutokana na magome ya mkwinini. Lakini ukavu huohuo ndio unaoficha. Chakula kinaingia katika masimulizi kama tatizo la ugavi: kilipatikana au hakikupatikana. Kilitoka katika ghala la nani, na mwenye ghala alikula nini baadaye, sentensi haziulizi. Wagogo wana jina la njaa iliyofuata baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, mifugo na wanaume: Mtunya. Neno moja la Kigogo linabeba yale ambayo kurasa nyingi za jenerali zimeyaacha.

Ndivyo ilivyo pia kwa majina. Maofisa wa Kijerumani wana majina, vyeo na tabia. Waafrika wenye majina ni wachache mno. Wengine ni kampuni, ni bunduki, ni mizigo. Wapagazi, ambao bila wao hakuna risasi ambayo ingefika popote, ni idadi. Watoro nao hawatoshei vizuri katika hadithi ya uaminifu, ingawa walikuwa wengi.

Linganisha na tenzi zetu. Hemedi bin Abdallah el-Buhry alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Watunzi hao nao wana upande na mapendeleo yao. Hata hivyo, kwao vita hutokea katika miji yenye wenyewe, kati ya watu wanaotajwa na kusema. Vita vya 1914 hadi 1918, vilivyoua watu wengi zaidi, havikupata utenzi wenye hadhi hiyo. Pengo hilo jenerali alilijaza peke yake kwa muda mrefu.

Alifariki Machi 1964. Askari wawili wa zamani walisafirishwa kwa ndege kwenda mazishini, na waziri wa ulinzi Kai-Uwe von Hassel, mzaliwa wa Gare kule Usambara, akasoma taazia. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi iliidhinisha malipo kwa askari wazee waliosalia. Kinasimuliwa kisa kwamba wasio na hati walipewa ufagio, wakaamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, na hakuna aliyeshindwa. Kiwe kilitokea hivyo au kimepambwa, kisa hicho kinapendwa mno, na sababu yake inasikitisha. Mzee anathibitisha maisha yake kwa kutii amri. Haulizwi alizaliwa wapi, alimzika nani njiani, wala kwa nini mshahara ulichelewa miaka 46.

Wapo walioanza kuuliza. Michelle Moyd, katika utafiti wake wa 2014, amewarudishia askari familia zao, tamaa zao na ukatili wao. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya ya Afterlives ya 2020, amempa askari mmoja jina, hofu na maisha baada ya vita. Lakini kazi zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, kumbukumbu iliyo kubwa zaidi ya vita vile ni jina la mtaa: Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Tunalitamka kila siku tukienda sokoni. Jenerali aliazima neno safari akaliweka juu ya kitabu chake. Kulirudisha, pamoja na majina ya waliosafiri, ni kazi ya waandishi wa lugha hii, nayo bado haijafanywa.