Mufumu Kijana wa Waazande

Kitabu cha Evans-Pritchard juu ya Waazande kilitoka Oxford mwaka 1937. Kwa Kifaransa kilitoka mwaka 1972. Ni cha zamani, lakini Waazande ni jirani zetu wa Uele, na mambo yake yanatuhusu sisi wa Bunia. Tutazame habari moja tu, ile ya kijana Kamanga.

Kamanga alikuwa mutumishi wa mwandishi. Huyu alimupeleka kwa mufumu Badobo afundishwe, akalipa, ili apate kujua siri za kazi ile. Kwa Waazande, dawa anayokula mufumu ndiyo inamupa macho ya kuona walozi, kuliko roho za wafu. Kamanga akala dawa, akacheza ngoma. Siku moja Badobo alitayarisha dawa ya kumukandia mugonjwa, akaficha ndani yake kitu kidogo, kionekane kama kimetoka mwilini. Mwandishi akakitoa kwa siri. Kamanga akakanda, akatafuta, asione kitu. Alipojua udanganyifu ule, moyo ulimuvunjika, karibu aache. Kisha siku mbili tu akatulia, akaendelea kwa uhodari zaidi. Naye, kama wafumu wenzake, alisema: kile kitu ni hila, lakini dawa yaponya.

Wengi wetu twahubiri tukifikiri kwamba hila ikifunuliwa, ufumu utaanguka. Kamanga atukatalia. Ghala ikianguka na kuumiza watu, Muzande ajua vizuri kwamba muchwa wamekula miti yake. Auliza: kwa nini saa ile, na juu ya watu wale? Swali hilo halijibiwi kwa kucheka. Katekista anayecheka atawaona Wakristu kanisani siku ya Mungu. Usiku watakwenda kwa mufumu.

Lakini kitabu kina upungufu. Chaonyesha mutu aliyetajwa kuwa mulozi akipuliza maji juu ya bawa la kuku, na amani inarudi. Musomaji wa Ituri asidhani ni hivyo kila pahali. Kwetu, mwezi wa 6 mwaka 2001, katika Aru, mamia ya watu walioitwa walozi waliuawa na jirani zao. Ubaya mukubwa wa ufumu si kile kitu kilichofichwa katika dawa. Ni jina la jirani linalotajwa mbele ya mugonjwa.

Wanafunzi walipomuuliza Yezu nani alikosa hata yule mutu azaliwe kipofu, Bwana hakumutaja mutu, alimuponya. Katekista naye aende kwa mugonjwa mapema, kabla ya mufumu, akae naye, asikie swali lake mpaka mwisho. Tena asikubali jina la mutu ye yote litajwe pale.