Filimu «Freetown» na watu walio ndani ya gari

Nimechelewa miaka kumi kuona filimu «Freetown», ambayo ilitoka mu 2015. Tuliitazama watatu ku ordinateri ya rafiki, hapa Lubumbashi, siku moja umeme ulipotukubalia. Sote watatu tulitumika misheni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile watu wanaita kanisa la Bamormoni. Filimu inasemwa kwa Kingereza, basi kila mara mmoja wetu anaisimamisha juu ya kutafsiria wengine. Pa mwisho wenzangu walikuwa na machozi. Mimi nilikuwa na kasirani, na ilinichukua siku kadhaa kujua inatoka wapi.

Hadithi ilitendeka kweli, hata kama filimu imeipanga kwa namna yake. Tuko Liberia, mu 1990. Waasi wa Charles Taylor, walioingia inchini tarehe 24 Desemba 1989, wanazidi kusogelea Monrovia. Rais Samuel Doe ni wa kabila la Krahn, na waasi wanatafuta kila Mkrahn. Kikundi cha wamisionari vijana, Waliberia wenyewe, wamekwama, na mmoja kati yao ni Mkrahn. Kiongozi mmoja wa kanisa, Abubakar, anawajaza mu kagari kadogo ili awapeleke mpaka Freetown, Sierra Leone, bariyeri kwa bariyeri, na petroli haitoshi.

Nianze na mazuri, juu iko mengi. Mu hadithi nyingi za namna hii mmisionari Mormoni ni kijana mzungu wa Utah, shati jeupe, kinga mkononi, na Afrika inamshangaza. Mchezo wa kuimba «The Book of Mormon», uliofunguliwa Broadway mu 2011, unaweka wawili wa aina hiyo Uganda, na Waganda wako pale zaidi juu ya kuchekesha watu. Garrett Batty, mtengenezaji wa «Freetown», ni Mmarekani naye, na filimu yake ya mbele, «The Saratov Approach», ilikuwa juu ya vijana wawili Wamarekani waliotekwa nyara Urusi mu 1998. Lakini huku ameenda kupiga picha Ghana, na waigizaji Waafrika. Anayeendesha gari ni Mwafrika, anayeogopa ni Mwafrika, anayeomba ni Mwafrika. Usione hiyo kuwa kitu kidogo. Mpaka Juni 1978 kanisa hili halikuwapa wanaume weusi ukuhani. Wale vijana wa Monrovia walikuwa wanahubiri miaka 12 tu nyuma ya ule mlango kufunguliwa. Filimu haisemi neno juu ya hiyo, na ingesema, imani yao ingeonekana nzito zaidi.

Kule nilikotumika mimi, Kasai, kati ya 2017 na 2019, karibu wote tulikuwa weusi: vijana wa Kinshasa, wa Kolwezi, mmoja wa Côte d'Ivoire. Kwa Kiswahili cha kanisa, cheo «Elder» ni «Mzee». Fikiria mtoto wa miaka 20, ndevu hazijatoka vizuri, watoto wa avenyu wanamkimbilia wakiita «Mzee! Mzee!», na wamama wanakufa na kicheko. Kicheko hicho kilitufungulia milango mingi kuliko mahubiri yetu.

Kitu kingine kizuri ni bariyeri. Batty hajui Kongo lakini anajua bariyeri: ile kamba, kijana mwenye silaha ambaye macho yake hayatulii, swali la kwanza ambalo si swali. Abubakar anajibu polepole, mikono iko pa usukani. Yeye njo mtu wa kweli kuliko wote mu filimu hii. Vijana wanasema Mungu atatoa, yeye anatazama sindano ya petroli. Hakosi imani, ila anajua gari haitembei na imani peke yake. Kila mara kamera inarudi kwa sura yake, filimu inapumua vizuri.

Sasa kasirani yangu.

Filimu inatuonyesha Wakrahn kama watu wa kuwindwa tu. Ni kweli waliwindwa. Lakini mu Julai ya ule mwaka wa 1990, mu Monrovia ile ile, askari wa Doe, wengi wao Wakrahn, waliingia usiku mu kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro na kuua watu karibu 600, wengi wao Wagio na Wamano waliokimbilia mule. Mwenye kuona «Freetown» peke yake atatoka akifikiri upande mmoja ulikuwa na silaha na upande mwingine ulikuwa na Biblia. Siye Wakongomani tungepaswa kuwa wa kwanza kukataa hesabu ya namna hiyo. Kila kabila kwetu iko na wafu wake, na kila kabila inahesabu wa kwake tu.

Lakini kosa ambalo linaniuma ni lingine. Hatari kubwa ya filimu inatoka inje ya gari. Ukabila unasimama pa bariyeri na bunduki, halafu kioo kinapandishwa, gari inaondoka, na wale walio ndani ni ndugu. Kijana Mkrahn amekaa bega kwa bega na wenzake wa makabila mengine, na filimu haipewi muda wa kuuliza nini iko inapita mu vichwa vyao. Mwenzangu mmoja aliniambia: «Ile beji yeusi ilimaliza kabila yao, njo maana.» Nilitaka kukubali. Beji inasaidia kweli, juu unaitwa kwa jina lako na jina la Yesu, basi. Ila nilivaa beji ile miezi 24, na ninajua kazi yake inafika wapi.

Kwa wale hawajui misheni: mwanaume anatumika miaka miwili, mwanamke miezi 18. Tangu 2012 mwanaume anaweza kuondoka na miaka 18, mbele ilikuwa 19. Hulipwi hata faranga moja, familia yako njo inachanga kadiri inavyoweza. (Wenzangu wa promosho ya agronomi hawajaamini mpaka leo. «Balikulipa ngapi?» Wao walidefanda memwari yao, mimi niko mu vumbi ya Luputa, na niliporudi fakulte moja ambayo sitaitaja iliniambia nianze upya kama mugeni.) Unaamka saa 12 na nusu, unasoma, unatoka. Hauna televizyo, hauna mchumba. Na hauko peke yako hata dakika moja: kuna mwenzako, ambaye haukumchagua, mnalala chumba kimoja, mnatembea pamoja, mnapika pamoja. Kila juma sita barua inaweza kuja, na mmoja anahamishwa.

Hii njo misheni, na filimu haikuiona. Nafahamu, ni vigumu kupiga picha ya siku ambamo watu 30 wamekuambia «kesho». Lakini furaha nayo inakaa mule mule. Kuna mama mmoja wa Luputa ambaye hakutaka kusikia habari ya kanisa, ila alikubali tumsaidie kulima. Mihogo yake ilikuwa na mozaiki, majani yamejikunja, yana madoa ya manjano. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya agronomi, nikamwonyesha namna ya kuchagua vijiti vya kupanda pa mimea mizima na kung'oa migonjwa mapema. Alisema: «Hiyo sasa ni habari njema.» Nilihamishwa mbele mihogo haijakomaa. Mpaka leo sijui ilitoa nini, na huwa ninafikiri juu ya lile shamba kuliko ninavyofikiri juu ya watu niliobatiza.

Nyuma ya Luputa, nilitumwa Mwene-Ditu, na huko nikapewa mwenzangu ambaye ananifanya leo nishindwe kulia na «Freetown».

Mimi ni mtoto wa Likasi, baba na mama ni Wakatanga. Yeye ni Muluba wa Kasai, amezaliwa Mwene-Ditu, hajawahi kuvuka Kamina. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kifaransa. Akanijibu kwa Kiswahili, na si Kiswahili cha kujifunza: kilikuwa cha kwetu kabisa, na maneno ya wazee wa Gécamines ndani. Nikacheka, nikamuuliza alikitoa wapi. Akasema: «Kwetu mu nyumba tunasema Kiswahili. Baba alizaliwa Likasi.» Halafu akaenda kuteka maji.

Msomaji wa Katanga ameshaelewa. Mu 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa mu mkoa wetu, watu waliwaita «bilulu», wadudu. Pa gare ya Likasi watu maelfu walilala inje miezi wakingoja treni, na wengi walifia pale ao njiani. Reli ile ile inapita Luputa, inapita Mwene-Ditu. Wengi walishuka huko, mu inchi ambayo watoto wao hawakuwa wanaijua.

Nyumba ambamo nilizaliwa, babu yangu aliinunua mu 1993. Kwetu ilikuwa inasemwa hivi tu: «aliinunua bei muzuri».

Miezi miwili sikusema kitu. Tulifanya kazi vizuri, watu walitusifu, tulikuwa tunaimba vizuri kwa sauti mbili. Jioni mwenzangu alikuwa anasimulia hadithi za baba yake: muembe wa lupango, ukuta ambao alijenga mwenyewe, namna mama yake alifunga sufuria mu shuka. Nilikuwa nasikiliza chini ya mustikere na nahesabu miembe ya avenyu yetu. Sijawahi kupata ushahidi kwamba ilikuwa nyumba yao, na Likasi iko na miembe mingi. Lakini ilikuwa ya mtu mmoja wa wale.

Hakuna bunduki mu hadithi hii. Hakuna bariyeri, beji zetu zote mbili ziko pa shati, tumepiga magoti pamoja asubuhi na jioni. Ukiiweka mu filimu ya Batty, ni sehemu ambayo kamera inalala. Kwangu njo ilikuwa misheni yenyewe, na nilikuwa ninaishindwa kila usiku. Kama gari ya Abubakar ingekuwa na dakika kumi tu za namna hii, mtu mmoja anajua kitu na hawezi kukisema kwa yule aliyebanwa naye bega kwa bega, ningelia na wenzangu.

Nina neno juu ya mwisho wa filimu pia. Wanafika Freetown, na muziki unapanda kama vile wamefika mbinguni. Sierra Leone iliingia mu vita yake Machi 1991, na mu Januari 1999 waasi walichoma sehemu kubwa ya Freetown. Najua filimu lazima isimame pahali. Lakini kusimama pale, na muziki ule, ni kumwambia kijana anayejiandaa kwa misheni kwamba mwenye imani anavushwa mpaka. Waliobaki Monrovia walikuwa na imani vilevile, wengine walikuwa waumini wa kanisa lile lile, na filimu inawaacha nyuma mapema sana.

Mimi nilisema siku moja ya mvua, tulipokuwa tumekwama pa mlango wa mtu. Nilisema kwa haraka, kama vile ninatapika. Mwenzangu alinyamaza mpaka mvua ikatulia. Halafu aliuliza: «Babu yako alilipa ngapi?» Nikamwambia sijui. «Uliza.»

Ilikuwa mwanzo wa 2019. Mbele, mmisionari alipiga simu kwao mara mbili tu kwa mwaka, Noeli na sikukuu ya wamama. Mu Februari kanisa likaruhusu simu kila juma. Simu ya kwanza nikamuuliza baba. Akasema rezo iko mubaya, akakata. Ya pili, akauliza kama ninakula vizuri. Mwenzangu alikuwa amekaa kando yangu mara zote, juu sheria inasema mwenzako asiwe mbali, anapiga viatu vyake rangi.

Simu ya tatu baba alikaa kimya kidogo, halafu akasema: magunia mawili ya unga na radio. Akaongeza kwamba yule muzee mwenyewe njo aliomba unga, juu ya watoto mu treni.

Nikamwambia mwenzangu. Aliweka kiatu chini.

«Radio ya namna gani?»