Shabaha ya Curry na asilimia ya Thabeet

Asilimia ya mitupo inayoingia ni kati ya takwimu za kwanza kuandikwa juu ya mchezaji wa mpira wa kikapu, na hupotosha upesi ikisomwa peke yake. Mfano ulio wazi kuliko yote unamhusu Mtanzania. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Stephen Curry alichaguliwa wa saba, akaenda Golden State Warriors. Katika msimu wao wa kwanza, 2009–10, Thabeet alifunga asilimia 58.8 ya mitupo yake na Curry asilimia 46.2. Anayetazama safu hiyo moja atasema mwenye shabaha ni Thabeet.

Kinachokosekana katika safu hiyo ni umbali. Thabeet alifunga chini ya ringi: kudumbukiza, kurudishia mpira uliogonga chuma, kupokea pasi ya juu pale ambapo wengine hawafiki. Curry alirusha mitupo 380 kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu, ambao katika NBA uko mita 7.24 mbele ya ringi, na 166 ikaingia, yaani asilimia 43.7. Asilimia 58.8 ya mitupo ya pointi mbili huzaa wastani wa pointi 1.18 kwa kila mtupo. Asilimia 43.7 ya mitupo ya pointi tatu huzaa 1.31. Ili kulingana na 58.8 ya chini ya ringi, mrushaji wa mbali anahitaji asilimia 39.2 tu. Mkulima wa kahawa wa Umatengo, huko Mbinga, hahitaji kuelezwa sana jambo hili: mizani hutoa kilo, lakini bei ya mnadani hufuata daraja.

Kwa sababu hiyo wachambuzi hutumia asilimia iliyopimwa kwa thamani: vikapu vyote, pamoja na nusu ya vikapu vya pointi tatu, hugawanywa kwa mitupo yote. Msimu wa 2015–16 ndio unaoonyesha vizuri zaidi kipimo hiki kinafanya nini. Curry alifunga vikapu 805 kwa mitupo 1,598, sawa na asilimia 50.4, kiwango kizuri lakini si cha kushangaza. Ila vikapu 402 kati ya hivyo vilikuwa vya pointi tatu, wakati rekodi ya kabla ya hapo, yake mwenyewe, ilikuwa 286. Ukiongeza nusu ya 402, yaani 201, unapata 1,006. Gawanya kwa 1,598, inakuwa asilimia 63. Kipimo cha tatu huingiza pia mitupo huru inayotokana na faulo: pointi zote hugawanywa kwa mara mbili ya jumla ya mitupo ya uwanjani na asilimia 44 ya mitupo huru. Kwa pointi 2,375 na mitupo huru 400, Curry anapata asilimia 66.9. Kwa mtu aliyefunga wastani wa pointi 30.1 kwa mchezo, akikabwa usiku baada ya usiku na walinzi waliojua anataka kufanya nini, hiyo ni kazi ya ajabu.

Mtupo huru una faida nyingine: ndio maabara ya mchezo. Umbali ni ule ule, mita 4.6 hivi, hakuna mlinzi wala mbio, hivyo unapima mkono wenyewe. Hapo safu ya kwanza hujirekebisha: mwaka ule wa 2009–10 Curry aliingiza asilimia 88.5, Thabeet 58.1. Hili halimshushi Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia mitupo ya wapinzani na kulinda ringi. Asilimia yake ya juu ilikuwa ya kweli; ilijibu swali jingine tu.

Shabaha ina jiometri yake. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira karibu 24. Mpira ukishuka wima, tundu lote liko wazi. Ukija kwa mlalo, tundu linafinyika machoni pa mpira kama mdomo wa sufuria unavyoonekana kwa aliyekaa chini. Kwa pembe ya nyuzi 45 upenyo uliobaki ni sentimita 32 hivi. Kwa nyuzi 30 ni 22.5, pungufu ya mpira wenyewe, kwa hiyo hauwezi kupita bila kugonga chuma. Curry hurusha kwa tao la juu, akiuachia mpira mapema na haraka, naye si mrefu kwa vipimo vya NBA. Tao hilo humpa mlinzi nafasi ndogo na humpa mpira tundu kubwa.

Swali la mwisho ni bahati. Mrushaji ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 40, akirusha mara 20, anaweza kabisa kuonyesha 20 au 60. Kwa mitupo 100 mara nyingi ataangukia kati ya 30 na 50. Kwa 400, kati ya 35 na 45. Mwaka 2015–16 wastani wa NBA kwa pointi tatu ulikuwa asilimia 35.4. Mchezaji wa wastani akipewa mitupo 886, kama Curry msimu ule, bahati peke yake ingemchezesha kati ya 32 na 39 hivi. Curry alipata 45.4. Bahati haifiki huko.

Hesabu hizi hazihitaji kompyuta. Mwalimu wa michezo Mbinga anaweza kuzifanya kwa daftari, mradi kwanza apime uwanja. Kiwanja cha udongo kilichochongwa ubavuni mwa kilima kina upande wa juu na wa chini, na mvua moja ya masika huondoa udongo chini ya nguzo. Kamba yenye alama kwenye mita 3.05, kutoka ringi hadi ardhini, husema kama ringi imebaki mahali pake. Ringi ya nondo iliyochomelewa mtaani ikiwa na upana wa sentimita 48, asilimia zote zitapanda bila mkono wa yeyote kubadilika. Mbamba Bay na Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, kuna upepo wa ziwa uitwao mwera: mitupo ya siku unapovuma iandikwe ukurasa wake. Kisha nusu uwanja ichorwe, kila mtupo uwekewe alama pale ulipotokea, duara ukiingia na mkasi ukikosa, na mitupo ya chini ya ringi isichanganywe na ya mbali. Mchezaji akirusha 40 kwa siku kutoka mahali pamoja, siku ya kumi daftari lina mitupo 400, na hapo ndipo asilimia yake inaweza kuwekwa mbele ya anayechagua timu.